Wanafunzi Watatu, Daftari Moja

Ndugu msomaji, ukienda shambani leo, ng'oa mche mmoja wa kunde au wa maharage. Ung'oe taratibu, mizizi isikatike. Kung'uta udongo. Utaona vinundu vidogo vimeshika kwenye mizizi kama chunjua. Pengine umeviona tangu utoto wako ukadhani ni ugonjwa.

Si ugonjwa. Ndani ya vinundu hivyo vinakaa vijidudu vidogo mno, visivyoonekana kwa macho. Wataalamu huviita raizobiamu. Hewa tunayovuta ina gesi nyingi iitwayo naitrojeni. Katika kila sehemu 100 za hewa kavu, sehemu 78 ni gesi hiyo. Mimea inaihitaji sana ili ikue, lakini haiwezi kuichukua yenyewe kutoka hewani. Vijidudu hivi huichukua na kuigeuza kuwa chakula cha mmea. Mmea nao huvilipa vijidudu sukari. Pasua kinundu kimoja kwa ukucha. Kama ndani kina rangi ya nyama, vijidudu vinafanya kazi.

Nchi ya Ireland iko mbali nasi, huko Ulaya. Msichana mmoja wa huko, Émer Hickey, alikuwa akilima bustani na mama yake. Wakaona vinundu kama hivyo kwenye mizizi ya njegere. Alitaka kujua ni nini. Wakati huo shuleni kwao walikuwa wakisoma habari za njaa iliyoikumba Pembe ya Afrika mwaka 2011. Unaikumbuka njaa hiyo. Mvua zilikosekana. Watu wengi walikufa Somalia, na mifugo iliteketea hata Ethiopia na kaskazini ya Kenya.

Émer na wenzake wawili, Ciara Judge na Sophie Healy-Thow, wakaunganisha mambo hayo mawili. Wakajiuliza: vijidudu hivi husaidia jamii ya kunde. Je, vikiwekwa kwenye mbegu za nafaka, nafaka nayo itapata faida?

Walijaribu kwa mbegu za shayiri na nafaka nyingine za nchi za baridi. Kazi ilichukua karibu miezi 11. Mbegu zilizotiwa vijidudu ziliota kwa karibu nusu ya muda wa kawaida. Kisha walikausha mimea na kuipima. Ile iliyofanya vizuri zaidi ilizidi mingine kwa asilimia 74. Yaani, mmea wa kawaida ukiwa na gramu 100, huo ulikuwa na gramu 174.

Januari mwaka 2013 walishinda maonyesho ya wanasayansi vijana ya nchi yao, mjini Dublin. Mwaka huo huo walipata tuzo ya kwanza katika mashindano ya Ulaya, mjini Prague. Mwaka 2014 walishinda mashindano ya dunia yaliyoandaliwa na kampuni ya Marekani iitwayo Google.

Magazeti mengi yaliandika juu ya tuzo hizo. Mimi navutiwa zaidi na mbegu. Walipima maelfu ya mbegu. Fikiri kazi hiyo. Lazima kila siku mtu aangalie ipi imeota na ipi bado. Lazima apime na kuandika. Lazima afanye hivyo hata siku ya mvua, hata siku ya sikukuu. Mtu mmoja angechoka katika wiki ya pili. Hapo ndipo wanafunzi hujifunza kufanya kazi pamoja. Hawafundishwi kwa hotuba. Kazi yenyewe huwalazimisha.

HATA HAPA KWETU

Maonyesho hayo ya Ireland yalianza mwaka 1965. Tanzania ilichukua mfano huo. Young Scientists Tanzania, yaani Wanasayansi Vijana Tanzania, ilianzishwa mwaka 2011. Maonyesho ya kwanza yalifanyika Dar es Salaam mwaka 2012. Wanaoshiriki ni wanafunzi wa shule za sekondari. Hutafuta jibu la swali lao wenyewe, mara nyingi swali linalotoka kijijini kwao, kisha huenda kulieleza mbele ya majaji. Kwa hiyo siku moja mtoto wako anaweza kuja nyumbani kukuomba makopo matupu.

Tuseme wanafunzi watatu wa sekondari ya kata yenu wanataka kujua jambo moja. Je, mahindi hustawi zaidi katika udongo uliokuwa na kunde? Wanatafuta makopo 20. Makopo 10 wanatia udongo wa shamba lililokuwa na kunde. Makopo 10 mengine wanatia udongo wa shamba la jirani lililokuwa na mahindi matupu. Mbegu ni za aina moja. Maji ni kikombe kimoja kwa kila kopo. Jua ni lile lile. Kitu pekee kinachotofautiana ni udongo. Bila hivyo, hawatajua ni nini kilicholeta tofauti.

Mmoja anamwagilia, mmoja anapima kwa rula, mmoja anaandika katika daftari. Kila wiki wanabadilishana. Hapo ugomvi wa kwanza huanza. Mwenye mwandiko mzuri hataki kuachia kalamu. Mwenye nguvu anasema amechoka kubeba ndoo. Na kama kikundi kina wavulana na msichana, mara nyingi utamkuta msichana anaosha makopo huku wavulana wameshika rula. Kikundi cha namna hiyo kina wanasayansi wawili na mtumishi mmoja. Mwalimu akiona hivyo aseme. Wale watatu wa Ireland walikuwa wasichana watupu, na hakuna aliyewashikia rula.

SIKU YA JUMAMOSI

Sasa sikiliza jambo linaloweza kutokea. Jumamosi ni zamu ya mmoja wao kumwagilia. Nyumbani kwao kuna msiba. Anafika shuleni jioni akikimbia, na maji ya ndoo ni kidogo. Anamwagilia makopo 10 ya udongo wa kunde. Maji yanaisha. Kisima kiko mbali na giza linaingia. Anarudi nyumbani. Jumapili haendi.

Jumatatu, mahindi ya makopo ya kunde yamesimama vizuri. Mahindi ya makopo mengine yamelegea. Wenzake wanafurahi! Wanaona kwamba jibu walilolitarajia limepatikana. Wanachukua rula na kalamu.

Yule mmoja anajua ukweli. Tofauti hiyo haikuletwa na kunde. Imeletwa na maji. Akinyamaza, hakuna atakayejua. Akisema, wenzake watakasirika, na siku za mashindano zimekaribia. Ndugu msomaji, wewe ungefanyaje?

Kama wenzake wana desturi ya kumcheka anayekosea, atanyamaza. Daftari litajaa uongo, ingawa kila kipimo kimeandikwa kwa uangalifu. Kama wana desturi ya kusikilizana, atasema. Watakasirika, ndiyo. Pengine hawatasemezana siku mbili. Lakini watafungua daftari waandike: "Jumamosi na Jumapili makopo 10 ya udongo wa mahindi hayakupata maji. Makopo ya kunde yalipata maji Jumamosi tu." Muda ukiruhusu, watapanda upya. Muda ukiwa umekwisha, watawaambia majaji kosa hilo wao wenyewe. Jaji mzuri hapendi daftari lisilo na kosa hata moja. Anajua kazi ya kweli ilivyo.

Kisha watatu hao wataweka utaratibu mpya. Zamu za mwisho wa wiki waende wawili. Akipata shida mmoja, atume habari mapema. Utaratibu huo hawakuusoma kitabuni. Umetokana na ndoo iliyoisha maji.

Mwalimu afanye nini? Awaulize maswali, asiwafanyie kazi. Nimeona mara nyingi mtu mzima akipenda ushindi kuliko mtoto mwenyewe. Anachora picha, anaandika maelezo, anamkaririsha mwanafunzi maneno magumu. Siku ya maonyesho jaji anauliza swali rahisi: "Kwa nini mlitumia makopo 10 na si mawili?" Mtoto anatazama juu. Kumbe jibu lake ni jepesi. Katika makopo mawili, moja linaweza kupata mbegu mbovu, likawadanganya. Aliyepanda kwa mkono wake angejua.

Majaji wana desturi nyingine. Mwanafunzi hodari akieleza sana, jaji humgeukia yule aliyenyamaza. Humwuliza yeye. Akijibu, "Mwulize mwenzangu," kikundi kizima kimepungukiwa. Kwa hiyo kabla ya siku hiyo wakae chini wahojiane wao kwa wao, kila mmoja juu ya kazi ya mwenzake. Wafanye hivyo kwenu, mbele yako. Wewe uwe jaji. Wasipokueleza ukaelewa, bado hawajaelewa vizuri wenyewe.

Sharti niongeze neno juu ya vile vinundu. Usivitwange ukapaka mbegu zako za mahindi ukitarajia mavuno maradufu. Wale wasichana walifanya majaribio ya uangalifu kwa vijidudu vilivyochaguliwa, na nafaka yao haikuwa mahindi. Faida unayoweza kuipata mwaka huu ni ile wazee waliyoijua: badili mazao shambani, panda kunde au maharage baada ya nafaka. Ukivuna, kata mashina, uiache mizizi iozee ardhini.

Basi mtoto akikuomba makopo, mwulize mambo mawili. Swali lenu ni lipi? Na Jumamosi ni zamu ya nani? Kama ni zamu yake, mpunguzie kazi za nyumbani jioni hiyo, hasa akiwa msichana, maana kuni na maji humngoja yeye kwanza. Makopo ya rangi na ya dawa za wadudu yasitumike. Ya maziwa au ya mafuta ya kupikia yanafaa. Yaoshwe kwa sabuni, yatobolewe matundu manne chini, maji yasituame.