Je, Wajua? Dartmoor, Nyika Iliyofinyangwa na Mikono ya Watu

Je, wajua kwamba kiboko aliwahi kuoga katika mito ya Uingereza? Mwaka 1939 wapenzi wa mapango waligundua pango katika mji mdogo wa Buckfastleigh, pembezoni mwa nyika ya Dartmoor, kusini-magharibi mwa nchi hiyo. Humo walikuta mifupa ya kiboko, ya fisi, ya nyati wa kale na ya tembo ambaye pembe zake zilikuwa zimenyooka. Wanyama hao waliishi huko zaidi ya miaka laki moja iliyopita, wakati hali ya hewa ilipokuwa ya joto. Paa la pango lilikuwa na tundu. Mnyama alipopita bila kuangalia alitumbukia na hakutoka tena.

Leo mgeni anayepanda Dartmoor hawaoni viboko. Anaona kilomita za mraba 954 za vilima vyenye nyasi ngumu, ukungu, upepo na kondoo. Juu ya vilima hivyo yamesimama marundo makubwa ya mawe yaliyopasuka, zaidi ya 160, ambayo wenyeji huyaita tor. Mawe hayo ni ya itale, yaani graniti, mwamba uliopoa chini ya ardhi kama miaka milioni 280 iliyopita, kisha udongo wa juu yake ukaondolewa na mvua na baridi kali. Kilele cha juu kabisa, High Willhays, kina mita 621 tu. Wanaoijua Meru au Rwenzori wataona hicho ni kichuguu, lakini ukungu wa Dartmoor umewapoteza wengi kwenye kimo hicho hicho.

Wageni hudhani hapo ni mahali ambapo binadamu hajagusa. Hilo ndilo kosa ninalotaka kulisahihisha, kwa sababu Dartmoor ni mojawapo ya sehemu zilizoguswa sana na binadamu katika kisiwa kile. Zamani vilima vile vilikuwa na misitu. Watu waliikata na kuichoma, wakaingiza mifugo, na mifugo ikazuia miti kuota tena. Uwazi tunaoustaajabia leo umetokana na shoka na midomo ya ng'ombe.

Ushahidi umelala chini wazi. Katika Zama za Shaba Nyeusi, yaani zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, wakulima walijenga huko nyumba za duara zenye misingi ya mawe, na mabaki ya nyumba zipatazo 5,000 bado yanaonekana. Pale Grimspound, nyumba 24 zimezungukwa na ukuta mmoja wa mawe, na lango lake la kale bado linapitika. Mipaka ya mashamba yao nayo ipo: kuta ndefu za mawe zilizofunikwa na nyasi, zinazopanda mlima, zinashuka bondeni na kupanda tena bila kupinda. Haiwezekani kila familia ilijenga kipande chake ilivyotaka. Watu walikaa wakakubaliana namna ya kuigawa nchi nzima, na hawakuwa na maandishi. Na kuna safu za mawe yaliyosimamishwa, moja kati ya hizo ikiwa na urefu unaozidi kilomita tatu, ambazo kusudi lake halijajulikana hadi leo.

Ila kilichonigusa zaidi ni kaburi la Whitehorse Hill. Mwaka 2011 wanaakiolojia walifungua sanduku la mawe lililokuwa limefukiwa katika udongo mweusi, mahali pa mbali na pagumu kufika. Humo yalikuwamo majivu na mifupa iliyochomwa ya kijana, huenda msichana, aliyefariki karibu miaka 3,700 iliyopita. Waliomzika walikuwa wamemviringisha katika ngozi ya dubu. Pembeni waliweka kikapu kidogo cha nyuzi za gome la mti, na ndani yake shanga zaidi ya 200, nyingine za kaharabu. Kulikuwa na vipuli vya mti vilivyochongwa kwa ustadi, na bangili iliyosukwa kwa nywele za ng'ombe ikapambwa kwa vijipande vya bati. Kwa kawaida ngozi, nywele na mti huoza. Mawe na vyuma ndivyo hubaki, na ndiyo maana huwa tunawafikiria watu wa kale kana kwamba walimiliki mawe tu. Kaburi hili linatuonyesha wafiwa waliochagua kila kitu kwa mapenzi.

Kilichovihifadhi vitu hivyo ni udongo wenyewe. Dartmoor hunyesha sana, na juu ya mwamba usiopitisha maji mimea haiozi ikaisha. Hujilimbikiza nusu ikiwa imeoza, kwa kasi ya takriban milimita moja kwa mwaka, mpaka ikawa tabaka la mita kadhaa. Humo hewa haiingii, na vijidudu vya kuozesha havifanyi kazi. Tabaka hilo hufyonza maji ya mvua kisha huyaachia polepole, na mito mingi ya Devon, mkoa ilimo nyika hii, huanzia hapo, ukiwemo Mto Dart ulioipa nyika jina. Pia limefungia kaboni nyingi, ndiyo maana siku hizi watu wanaziba mifereji iliyochimbwa zamani ili maji yarudi. Mmea unaoujenga udongo huo ni aina ya kuvumwani laini inayonyonya maji kupindukia. Katika Vita Kuu ya Kwanza ilikusanywa, ikakaushwa na kutumika kufunga majeraha ya askari pamba ilipoadimika.

Je, wajua kwamba hakuna farasi wa mwituni Dartmoor? Wapo farasi wadogo, wenye manyoya mazito, wanaozurura mwaka mzima bila zizi, na picha zao huuzwa kama alama ya uhuru. Lakini kila mmoja ana mwenyewe. Kila msimu wa vuli wafugaji hutoka na farasi, pikipiki na mbwa, wakawasukuma wote hadi kwenye mazizi, wakawatenganisha kwa alama, wakawachagua wa kuuza na wa kurudisha mlimani. Wafugaji hao wana haki ya kuchunga katika ardhi ya pamoja, ambayo ni zaidi ya theluthi ya hifadhi nzima ya taifa ya Dartmoor. Haki hiyo haikutokana na hisani ya serikali. Imefungamana na mashamba yao tangu enzi za kati, na sheria ya mwaka 1985 iliunda baraza lao la kuisimamia. Nyayo za farasi zilizochimbuliwa kwenye nyika hiyo zina umri wa miaka ipatayo 3,500, na maandishi yanayowataja yapo tangu mwaka 1012. Siku hizi ufugaji haulipi kama zamani na vijana wengi hawautaki. Nasikitika, kwa sababu farasi hao hula nyasi ngumu na vichaka vya miiba ambavyo kondoo huviacha. Wakiondoka, vichaka vitaimeza nyika.

Mahali ambapo mifugo haikufika, msitu wa kale umebaki. Wistman's Wood ni kijisitu cha mialoni midogo iliyojipindapinda, iliyoota katikati ya mawe makubwa yenye utelezi, na kila tawi limevikwa kuvumwani. Mawe hayo ndiyo yaliyoilinda miche isiliwe.

Na mimea mifupi yenye maua ya zambarau inayofunika miteremko mwezi Agosti? Mingine ni ya jenasi ya Erica. Waliopanda Kilimanjaro wamewaona ndugu zake: pale juu ya msitu, mierika huwa mirefu kama miti. Dartmoor huishia magotini.

Wachimbaji wa bati nao waliligeuza bonde baada ya bonde. Waliyachepusha maji, wakasafisha mchanga, wakaacha vilima vya kifusi ambavyo leo vimeota nyasi na kufanana na ardhi ya asili. Pale Postbridge bado lipo daraja la enzi za kati, lisilo na saruji wala msumari: vibao vya itale vyenye urefu wa zaidi ya mita nne, kila kimoja kikiwa na uzito wa tani kadhaa, vimelazwa juu ya nguzo za mawe.

Je, wajua kwamba kuna reli ya mawe? Mwaka 1820 ilifunguliwa njia ya kilomita zipatazo 16 kutoka machimbo ya Haytor, na reli zake zilichongwa kwa itale yenyewe. Mabehewa yalishuka kwa uzito wake na kurudishwa juu na farasi. Itale ya Haytor ilitumika katika Daraja la London lililofunguliwa mwaka 1831. Daraja hilo liliuzwa mwaka 1968 kwa tajiri wa Marekani kwa dola 2,460,000, na mawe yake ya nje yakajengwa upya katika jangwa la Arizona, Lake Havasu City, ambako magari hupita juu yake hadi leo.

Mwamba huo huo una madhara. Itale ina urani kidogo, na urani huzaa gesi ya radoni isiyoonekana wala kunusika, inayoweza kusababisha saratani ya mapafu. Gereza la Dartmoor, katika kijiji cha Princetown, lilijengwa kwa mawe hayo ili kuwaweka mateka wa Kifaransa wa vita vya Napoleon, na lilifunguliwa mwaka 1809. Baadaye wakaletwa pia mateka wa Kimarekani. Kanisa la kijiji ni kazi ya mateka hao. Mwaka 2024 wafungwa wote waliondolewa gerezani kwa sababu ya radoni. Ni katika Princetown pia ambapo Arthur Conan Doyle alifikia mwaka 1901 alipokuwa akikusanya mandhari ya riwaya yake kuhusu mbwa wa kutisha wa Baskerville.

Bado kuna mgeni mmoja wa kumtaja, kekeo, ndege anayetaga katika viota vya wenzake. Uingereza imempoteza kwa wingi, lakini Dartmoor bado anasikika kila Aprili na Mei, akiwategea ndege wadogo wa kahawia wanaojenga majanini. Watafiti waliowafunga kekeo wa Uingereza vifaa vya setilaiti kuanzia mwaka 2011 waligundua kwamba huvuka Sahara na kukaa miezi ya baridi katika bonde la Mto Kongo. Hukaa Uingereza wiki chache tu, na sehemu kubwa ya mwaka ni wa Afrika. Kumlinda Dartmoor bila kulinda misitu ya Kongo hakutoshi.

Na kulala nje? Dartmoor ndiko mahali pa pekee England ambapo sheria inamruhusu mtu kupiga hema kwenye ardhi ya pamoja bila kuomba ruhusa. Wamiliki wa shamba moja walipinga, wakashinda Mahakama Kuu Januari 2023, wakashindwa kwenye rufaa mwaka huo huo. Mei 2025 Mahakama ya Juu iliamua kwamba kulala kwenye hema ni sehemu ya burudani ya nje inayotajwa na sheria ile ile ya 1985. Anayekwenda abebe hema lake mgongoni, asiwashe moto, na aondoke na taka zake zote.