Picha za Serengeti Hazibaniki

Ukitoka Nyasura, mjini Bunda, ukaifuata barabara ya Mwanza kuelekea kusini, hutembei sana kwa gari kabla ya kufika geti la Ndabaka, mlango wa magharibi wa Hifadhi ya Serengeti. Ndani ya hifadhi hiyo, kuanzia mwaka 2010, watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota cha Marekani walitega kamera 225 katika eneo la kilomita za mraba 1,125, zikijifyatua zenyewe kitu kikipita mbele yake. Hadi 2013 walikuwa na mafungu milioni 1.2 ya picha. Yenye wanyama yalikuwa robo na ushei tu. Mengi yaliyobaki ni majani yaliyotikiswa na upepo. Misimu 11 ya kwanza ya mradi huo, uitwao Snapshot Serengeti, imezaa picha zaidi ya milioni 7.

Rundo kama hilo humfanya mtu afikirie kulizip. Hata kwenye steshenari ya kando ya barabara, flashi ikijaa picha za harusi, dawa inayotajwa ni hiyo hiyo. Folda linabanwa, muda unakwenda, na mwishowe limepungua kidogo mno. Basi lawama inaiangukia programu: achana na WinRAR, jaribu 7-Zip. Matokeo hayabadiliki.

Programu haina kosa. Kazi yake ni kusaka marudio, kwa njia iliyochapishwa na Abraham Lempel na Jacob Ziv mwaka 1977. Chukua orodha ya wanafunzi ambamo "Bunda" limo katika kila mstari: neno linaandikwa mara moja, kisha kila linaporudi inawekwa alama ya "rudi nyuma hatua kadhaa, chukua herufi tano". Juu yake huja mbinu ya David Huffman ya 1952, aliyoibuni akiwa bado mwanafunzi: herufi inayojitokeza sana hupewa msimbo mfupi, ya nadra hupewa mrefu. Zip, iliyoletwa na Phil Katz mwaka 1989, bado inategemea mbinu hizo mbili.

Picha ya JPEG imekwisha kupitia huko. Kamera imetupa yale ambayo jicho haliyatambui, ikabana yaliyobaki kwa misimbo ya Huffman. Kuizip ni kukamua nguo iliyokwisha kukauka. MP3 na video ni vivyo hivyo. Na faili la Word la siku hizi, lile la docx, lenyewe ni zip iliyobadilishwa jina.

Tofauti ya programu inaonekana kwenye maandishi na majedwali ghafi. Zip ya kawaida hutazama nyuma kilobaiti 32 tu. 7-Zip ya Igor Pavlov, ambayo ni ya bure, hutazama megabaiti nyingi, hivyo hunasa marudio yaliyo mbali. Hata hivyo, baadhi ya kompyuta zitashindwa kufungua faili la 7z, ilhali zip hufunguka karibu kila mahali. Ya kumtumia mtu, mimi naifanya zip. WinRAR ina sifa moja ninayoiheshimu, nayo ni kuongeza taarifa za kuokolea faili likiharibika kidogo. Lakini haijisasishi yenyewe, na toleo la 6.23 la Agosti 2023 liliziba tundu ambalo wahalifu walikuwa wamekwisha kulitumia. Mwenye toleo la zamani alibadilishe.

Kwa picha, kinachohitajika ni kunakili salama. Zikusanye katika zip bila kubana (chaguo la "Store"), maana flashi huchelewa sana kupokea mafaili madogo maelfu kwa maelfu; ila flashi ya FAT32 hukataa faili linalofika gigabaiti 4. Kwa wanaolipia bando, programu ya rsync ya mwaka 1996 hutuma sehemu zilizobadilika tu. Programu ya TeraCopy inaweza kusoma upya nakala na kuilinganisha na asili. Asiyetaka kupakua chochote, amri ya certutil iliyomo ndani ya Windows humpa alama ya SHA-256, yenye tarakimu na herufi 64. Biti moja ikigeuka, alama hubadilika kabisa. Alama za pande zote mbili zikifanana, kadi ya kamera inaweza kufutwa na kurudi porini.