Riwaya na Katuni kwa Vijana wa Mombasa Bara

Katika shule za sekondari za Likoni, Kisauni na Changamwe, kama kwingineko nchini Kenya, vijana wengi hukutana na riwaya ya Kiswahili kwa mara ya kwanza ikiwa kitabu teule, yaani kitabu kilichoteuliwa kutahiniwa, na kwa hiyo huisoma mwongozo ukiwa kando, wakisaka maudhui na sifa za wahusika kabla hawajajua kisa kinaishia wapi. Usomaji huo huleta alama, lakini hauleti hamu. Hamu huletwa na taharuki, ile shauku ya kutaka kujua litakalofuata, na vitabu vyenye taharuki vipo, tena vingine vinapita karibu kabisa na mitaa hiyo.

Kwa msomaji ambaye bado anaogopa kurasa zilizojaa maandishi, mlango mwepesi ni hadithi ya katuni, ambayo kisa chake huendeshwa na michoro iliyopangwa katika vyumba vinavyofuatana, huku maneno ya wahusika yakitiwa ndani ya viputo juu ya vichwa vyao. Mwaka 1996 shirika la Sasa Sema la Nairobi lilichapisha *Abunuwasi* ya mchoraji Gado, mzaliwa wa Tanzania, ambayo inamtia kwenye picha mjanja anayejulikana pwani nzima. Jarida la *Shujaaz*, lililoanza mwaka 2010 na kugawiwa bure, linazungumza Sheng, na ingawa mzazi wa Kisauni anaweza kukunja uso kwa lugha hiyo ya Nairobi, mtoto wake huenda akalimaliza kabla chai haijapoa.

Anayetaka riwaya kamili aanze na Bwana Msa, mpelelezi mvuta kiko aliyebuniwa na Mohamed Said Abdulla wa Zanzibar. Katika *Mzimu wa Watu wa Kale*, iliyotoka mwaka 1960, maiti inakutwa mahali pa mzimu, na wakati wengine wako tayari kuulaumu mzimu wenyewe, Bwana Msa anauliza nani alikuwa wapi na nani alifaidika. Kiswahili chake ni cha zamani kidogo, lakini msomaji wa pwani hatakwama.

*Siku Njema* ya Ken Walibora, ya mwaka 1996, inamfuata Msanifu Kombo, kijana anayetoka Tanga hadi Kitale kumtafuta baba asiyemjua. Mkazi wa Likoni ana faida yake hapa: barabara ya kutoka Tanga, inayovuka mpaka Lunga Lunga, huishia kwenye feri ya mtaani kwake, hivyo umbali ambao kwa mwanafunzi wa Nyeri ni jina tu la ramani, kwake ni safari anayoweza kuikadiria kwa nauli.

Kwa Changamwe, iliyo jirani ya magati ya Kipevu, kitabu cha kupendekezwa bila kusita ni *Kuli* ya Adam Shafi, ya mwaka 1979, kuhusu Rashidi, mpakuzi wa bandari ya Zanzibar, na mgomo wa mwaka 1948. Mombasa nayo ilikuwa imegoma mwaka mmoja kabla, kwa hiyo anayekisoma anaweza kuwauliza wazee wa mtaa yale waliyosimuliwa na baba zao. Ni kitabu kizito, kinachowafaa walio kidato cha tatu kwenda juu. Mwenye miaka 12 aachiwe Bwana Msa kwanza.