Mbolea ya Fosfati: Ghali Ni Tindikali, Si Jiwe

Afrika Mashariki haina uhaba wa mawe ya fosfati. Yapo Minjingu, karibu na Ziwa Manyara; yapo katika vilima vya Sukulu nje ya mji wa Tororo; yapo Panda Hill karibu na Mbeya, na Matongo nchini Burundi. Hata hivyo, mbolea ya fosfati iitwayo DAP, ambayo mkulima wa Kitale au Mbinga huiulizia dukani msimu wa kupanda unapokaribia hufika kwa meli. Tunaambiwa kwamba mawe yetu ni hafifu, na kwamba dawa yake ni kujenga kiwanda kikubwa cha kemikali. La kwanza lina ukweli wake. La pili ndilo linalofaa kupimwa kabla ya fedha za umma kumwagwa, kwa kuwa mzigo mkubwa wa gharama katika mbolea hii unatokana na tindikali kuliko jiwe lenyewe.

Fosforasi ya jiwe imo ndani ya madini yanayoitwa apatiti, ikiwa imeshikamana na kalisi na florini kwa nguvu kiasi kwamba mvua haiiyeyushi. Mwaka 1842 Mwingereza John Bennet Lawes alipata hataza ya kuitibu fosfati kwa tindikali ya salfa. Apatiti ikikutana na tindikali hiyo huvunjika, ikazaa fosfati inayoyeyuka majini pamoja na jasi. Hiyo ndiyo supafosfati. Ili kupata DAP, au TSP ambayo ni supafosfati iliyokolezwa, lazima kwanza itengenezwe tindikali ya fosfori, na hapo ndipo hesabu inapopanda. Kwa kila tani ya P2O5, kipimo cha fosfati wanachotumia wenye viwanda, huteketea karibu tani 2.7 za tindikali ya salfa, ambazo ni sawa na karibu tani nzima ya salfa, na nyuma hubaki takriban tani 5 za jasi isiyo na kazi. Salfa yenyewe, ileile wanayoijua wakulima wa korosho wa Mtwara, nayo tunaiagiza kutoka nje.

Na hesabu hiyo ni ya jiwe zuri, lenye P2O5 ya asilimia 30 hivi. Mawe ya Sukulu yana karibu asilimia 12. Uchache huo ungevumilika kama si wale wanaoandamana na fosfati humo jiweni. Chokaa hunywa tindikali bure, ikitoa povu kama magadi yanavyofanya yakikamuliwa ndimu, na kiwanda hulipia povu hilo. Chuma na aluminiamu ni wabaya zaidi: huidaka fosfati iliyokwisha kuyeyushwa na kuirudisha katika hali isiyoyeyuka, wakati mwingine mbolea ikiwa bado ghalani. Silika haina madhara makubwa, ila huongeza kazi ya kusaga. Basi jiwe hafifu likipelekwa kwenye mtambo uliosanifiwa kwa ajili ya jiwe bora hula tindikali nyingi na kutoa mbolea kidogo.

Kiwanda cha mbolea cha Tanga, kilichofunguliwa miaka ya mwanzo ya 1970, kilitegemea malighafi za kuagiza. Mgodi wa Minjingu ulianza kazi mwaka 1983 ili ukilishe. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990 kiwanda kilikuwa kimefungwa. Sababu zilikuwa nyingi, ukata wa fedha za kigeni ukiwamo, lakini tofauti ya hatima zao inafundisha: mtambo wenye kiu ya vitu vya ng'ambo ulikufa, mgodi ukaendelea kuuza jiwe lililosagwa.

Uliwezaje? Jiwe la Minjingu ni mashapo ya ziwa la kale, yaliyochanganyika na kinyesi cha ndege na mabaki ya samaki, na apatiti yake si ngumu kama ile ya miamba ya volkano. Katika udongo wenye uchachu, yaani wenye pH chini ya 5.5 hivi, udongo wenyewe hufanya kazi ya tindikali. Majaribio yaliyofanywa magharibi mwa Kenya miaka ya 1990 yalionyesha kwamba mahindi yaliyopewa Minjingu hayakuachwa mbali na yale ya TSP. Ukilipeleka jiwe hilohilo kwenye udongo wenye chokaa nyingi, hulala tu. Unga wa Panda Hill, ulio wa asili ya volkano, hausaidii sana hata kwenye udongo mchachu.

Kwa hiyo njia ninayoiona ya busara kwa jiwe la aina ya Minjingu ni kulipa tindikali nusu dozi. Kwa nusu ya tindikali inayohitajika kutengeneza supafosfati, karibu nusu ya fosfati huyeyuka mara moja na kumfaa mche mchanga, na iliyobaki huachiwa udongo mchachu uimalize polepole kwa misimu kadhaa. Njia hii haifai kwa Sukulu isipokuwa chuma kiondolewe kwanza kwa sumaku. Lakini apatiti ya volkano ina sifa moja nzuri: ikisagwa na kutenganishwa kwa kuelea katika povu inaweza kupanda hadi asilimia 35 na zaidi, na hapo kiwanda kamili cha tindikali huwa na maana. Kila jiwe lina njia yake.

Wapo watakaosema mkulima hana subira ya misimu, naye ana haki. Unga mtupu hupeperuka mkononi na matokeo yake huchelewa. Nusu dozi, ikitengenezwa chenga na kuongezwa naitrojeni, inajibu sehemu kubwa ya lawama hiyo. Hoja ya usafirishaji ni nzito zaidi: TSP ina P2O5 ya asilimia 46, hivyo lori la Minjingu hubeba lishe kidogo kwa nauli ileile. Sina jibu la kuifuta hoja hiyo. Maana yake ni kwamba mbolea hii ina eneo lake, na nje ya eneo hilo TSP itashinda kwa haki.

Lipo pia swali la urani iliyomo katika jiwe hili: fosfati ya Minjingu yenyewe iligunduliwa mwaka 1956 wakati wa kutafuta madini yenye mionzi. Mfuko mmoja hadi mitatu kwa hekta huongeza makumi ya gramu za urani kwenye udongo ambao kwa asili una kilo kadhaa katika sentimita 20 za juu. Ni kidogo, ila hujilimbikiza, na vumbi la mgodini ni suala zito zaidi kwa wachimbaji kuliko kwa mlaji wa ugali. Kiwanda kamili nacho hakiondoi mionzi: radiamu huenda kwenye lundo la jasi, urani hubaki katika tindikali ya fosfori.

Kabla ya mtambo wowote mpya kuzinduliwa, mamlaka za udhibiti wa mbolea zinaweza kufanya jambo moja la bei rahisi: kudai kila mfuko wa kilo 50 uandikwe, mbali na fosfati yote iliyomo, ile inayoyeyuka, na pH ya udongo unaoufaa. Mkulima akiwa na takwimu hizo na kipimo cha udongo wa shamba lake, atajua kama anahitaji jiwe la kusagwa, la nusu dozi, au mbolea ya meli.