Usiwahesabu Ndege wa Gatini, Watambue

Kazi yangu ni injini za boti. Nazitengeneza kwenye gati dogo upande wa Capri Point, jijini Mwanza, ambako boti za watalii na za wenye nyumba ng'ambo ya ghuba hufungwa kamba usiku. Lalamiko ninalolisikia mara nyingi kwa wateja halihusu injini hata kidogo. Linahusu kinyesi. Mnandi, yule ndege mweusi mwenye kifua cheupe, akilala juu ya turubai usiku mmoja, asubuhi turubai halitamaniki. "Fundi, hawa ndege wako wafukuze," huniambia bosi mmoja kila akija. Kawafanya wangu kwa kuwa hunikuta nikiwatazama, spana mkononi.

Akishalalamika huongeza hoja nyingine. "Watu wa mazingira wanasema ndege wa ziwani wanakwisha. Wanakwisha wapi? Si hawa wamejaa?"

Hoja hiyo si ya kupuuzwa, maana wengi tunaokaa kando ya Ziwa Victoria tunaifikiri hata kama hatuitamki. Mwanza ndege hawajaadimika. Pita Mwaloni, Kirumba, uone kongoti walivyosimama karibu na wachuuzi kama wenye zamu. Tazama Jiwe la Bismarck pale karibu na kivuko cha Kamanga: juu yake hukosi mnandi au yangeyange. Kwa hiyo bosi anasema kweli, wamejaa. Ila kuwahesabu tu hakutoshi. Inabidi uulize ni ndege gani waliojaa, na ni gani huwaoni tena.

Waliotuzoea

Kongoti ndiye mwepesi kumwelewa. Kimo chake ni karibu mita moja na nusu, kichwa kipara, mfuko umening'inia shingoni. Hula mizoga na mabaki, na jiji la samaki halikosi mabaki. Panapoparuliwa sangara na kuachwa mapanki, yaani vichwa na mifupa, kongoti hana sababu ya kuhama. Jiji likichafuka zaidi, yeye hushiba zaidi. Ukiona kongoti mia, usijipongeze kwa utunzaji wa mazingira.

Yangeyange naye, yule mweupe pepepe, hula wadudu malishoni na hata jalalani. Shakwe wa kichwa cha kijivu hufuata boti na mitumbwi. Mnandi yeye hutafuta riziki yake majini. Manyoya yake hulowa, ndiyo maana huzama kirahisi kumfukuza samaki, lakini akitoka lazima atandaze mbawa ajianike. Nguzo ya gati na turubai la boti ni mahali pazuri pa kuanikia. Si uchokozi, anakausha nguo.

Halafu yupo mdiria mweusi na mweupe, kipenzi changu. Huganda hewani juu ya maji, mbawa zikipiga kasi, kisha hujitupa kichwa chini na kuibuka na dagaa mdomoni. Wanasayansi wamemfuatilia hapahapa kwetu. Jan Wanink na Kees Goudswaard, Waholanzi waliofanya utafiti Ghuba ya Mwanza, walichapisha mwaka 1994 matokeo ya kuvutia: zamani mdiria alikula kwa wingi furu, samaki wadogo wa asili wa ziwa hili, lakini sangara aliyepandikizwa ziwani alipokaribia kuwamaliza furu miaka ya 1980, mdiria alihamia kwenye dagaa. Dagaa ni mwembamba kuliko furu, hivyo ndege alilazimika kuvua samaki wengi zaidi ili ashibe na kulisha makinda.

Mtafiti mwingine, Heinz-Ulrich Reyer, alilinganisha midiria wa Ziwa Victoria na wa Ziwa Naivasha, Kenya. Aligundua kwamba kwetu, ambako kuvua ni kugumu zaidi, wazazi huwakubali hata madume wasio ndugu zao waje kusaidia kulisha watoto. Naivasha, ambako chakula ni rahisi, msaidizi asiye ndugu hufukuzwa. Ndege huyu basi anajua kupiga hesabu za maisha kuliko tunavyomdhania.

Lakini hapa ndipo bosi wangu na mimi tunapoachana njia. Mdiria anavua gatini; kuzaa hazai gatini. Huzaa ndani ya shimo refu analolichimba kwa mdomo na miguu kwenye ukingo wa udongo ulio wima. Ukingo huo ukijengewa ukuta wa mawe na zege, hana pa kuchimba. Kwake gati ni hoteli: anakula, anapumzika, anaondoka. Ukimwona kila siku mezani unaweza kudhani hana shida, kumbe nyumba yake imeshavunjwa.

Wasioweza kutuzoea

Upo upande wa pili, wa ndege ambao hawana namna ya kuishi bila matete, mafunjo na mimea inayoelea. Mfano ni sile, ndege mwekundu wa hudhurungi mwenye kibandiko cha buluu usoni na vidole virefu ajabu. Vidole hivyo hutandaza uzito wake, naye hutembea juu ya majani ya yungiyungi na magugu maji bila kuzama. Jike hutaga kisha huenda zake kutafuta dume mwingine. Dume ndiye anayeatamia na kulea, na hatari ikija huwabeba makinda chini ya mbawa, miguu yao ikining'inia nje. Kiota chenyewe ni rundo la majani lililo juu ya maji. Wimbi moja la boti iendayo kasi karibu na matete linatosha kukipindua. Ndiyo maana nikijaribu injini naipeleka katikati ya ghuba; ukingoni nakwenda polepole.

Mbizi, mwenye shingo kama nyoka, huogelea mwili wote ukiwa ndani ya maji na hutaka miti juu ya maji ya kujengea kiota. Kwazi, tai mla samaki ambaye mlio wake hausahauliki, hutaka mti mrefu usiosumbuliwa. Kuanzia Septemba hadi Aprili hufika wageni kutoka Ulaya na Asia: kitwitwi wanaotikisa mikia kwenye kokoto, na buabua wa mbawa nyeupe wanaofuata mawingu ya wadudu ziwani. Kitwitwi huhitaji ufukwe wenye kokoto au tope na maji ya kina kifupi. Ukuta ulionyooka hadi kwenye kina hauwapi hata mahali pa kukanyaga.

Kisiwa cha Saanane, mkabala na sisi, kinawasaidia. Kilianza mwaka 1964 kama bustani ya wanyama, ya kwanza nchini, na mwaka 2013 kikawa hifadhi ya taifa. Lakini eneo lake lote, maji yakiwemo, ni kilomita za mraba 2.18. Hakiwezi kubeba mzigo wa ufukwe wote wa jiji lenye watu zaidi ya milioni moja.

Ufukwe unavyoliwa

Sijaona mtu anayeamka asubuhi akasema leo naenda kuua sile. Kinachotokea ni kidogokidogo. Mwenye kiwanja anafyeka matete apate mandhari. Jirani anamwaga vifusi apate maegesho. Wa tatu anataka gati, anajaza mawe badala ya kusimamisha nguzo. Wa nne anaweka taa kali zinazomulika maji usiku kucha. Kila mmoja anasema kipande chake ni kidogo, tena ni kweli.

Sheria ipo. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza shughuli za kudumu, na zile zinazoweza kudhuru mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Gati haliwezi kujengwa mlimani, hilo linaeleweka. Ndiyo maana mradi wa namna hiyo hupitia kwanza tathmini ya athari kwa mazingira. Lakini bustani, baa na ukuta wa uzio vinaweza kabisa kukaa nyuma ya mita 60.

Asiyeiogopa sheria na aliogope ziwa. Mwaka 2006 maji yalishuka sana, na watu wakaanza kuona kiwanja mahali palipokuwa ziwa. Mei 2020 maji yakapanda kupita rekodi ya mwaka 1964, na mwaka 2024 yakapanda tena. Waliojenga kwenye tope la mwaka 2006 walijionea. Matete yakifunikwa na maji huota tena yakishuka. Ukuta ukibomolewa na mawimbi unalipiwa.

Tena kuna jambo linalotugusa mdomoni. Chanzo kikubwa cha maji ya bomba ya Mwanza kiko Capri Point, karibu na boti hizihizi. Mto Mirongo unapita katikati ya jiji na kumwaga ziwani kila ulichobeba. Mafunjo na matete hunasa tope na kunyonya sehemu ya uchafu kabla haujafika mbali. Tukiyang'oa, kazi hiyo inahamia kwenye mitambo ya kusafisha maji, na gharama yake hatimaye huja kwenye bili.

Wenzetu wa ziwa hilihili

Uganda, Ghuba ya Lutembe iliyo kati ya Kampala na Entebbe iliingizwa mwaka 2006 kwenye orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa, hasa kwa ajili ya makundi makubwa ya buabua. Hata hivyo ujazaji wa ardhi umeisumbua. Tanzania tuna maeneo manne ya Ramsar, yakiwemo Ziwa Natron na bonde la Malagarasi-Muyovozi, lakini hatuna hata moja Ziwa Victoria.

Kisumu, Kenya, kwenye kinamasi cha Dunga, ilijengwa njia ya mbao juu ya mafunjo, na vijana wa hapo huongoza wageni wanaokuja kumtafuta hasa ndege mmoja: mweusi mgongoni, mwekundu kifuani, wa njano utosini, ambaye haishi nje ya mafunjo. Pale mafunjo yaliyosimama yanaingiza hela.

Kinachowezekana kwetu

Mimi naanza na yaliyo chini ya mikono yangu. Oili chafu naikinga kwenye dumu, haiendi ziwani, kwa sababu oili ikishika manyoya ya ndege hayazuii tena maji wala baridi. Wenye injini za kuchanganya oili na petroli nawaambia wazi kwamba sehemu ya mchanganyiko hutoka bila kuungua na kuishia majini. Injini mpya zenye oili yake peke yake hazifanyi hivyo, na mafuta hula kidogo. Mishipi na nyavu zilizokatika nazikusanya. Kwa turubai nimesimamisha nguzo za zamani mbali kidogo na boti, na mnandi wengi wamezipenda.

Bosi alipoleta mchoro wa ukuta wa kiwanja chake tuliukalia kitako. Nikamwonyesha mahali sile wanapotaga na ukingo wenye mashimo ya mdiria, kisha nikamwuliza maji ya mwaka 2024 yalifika wapi. Akakaa kimya, akachukua kalamu. Gati litakuwa la nguzo, matete ya upande wa kusini yatabaki, na ukuta umesogezwa nyuma hadi kwenye barabara. Gharama ya kuosha turubai, kasema, ataikata kwenye ujira wangu.