Muuguzi wa Shule na Unene wa Watoto: Mizani Peke Yake Haitoshi

Wengi wetu tumezoea kuuhesabu unene wa mtoto kuwa dalili ya malezi mema. Sayansi ya lishe yaonyesha vingine: mafuta yanayolimbikizwa mwilini kupita kiasi tangu utotoni huzidisha hatari ya kisukari na shinikizo la damu. Katika shule yenye muuguzi, yeye ndiye awezaye kuiona hatari hiyo mapema. Je, kazi yake ni kupima tu?

Tuanze na kipimo chenyewe. Uzito kwa kilo hugawanywa kwa mraba wa kimo kwa mita. Tuchukue mvulana wa miaka 11 mwenye uzito wa kilo 45 na kimo cha mita 1.40. Mraba wa 1.40 ni 1.96, tukigawanya 45 kwa 1.96 tunapata karibu 23. Kwa mtu mzima jibu hilo ni la kawaida. Kwa mvulana huyu, kwa mujibu wa viwango vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2007, ni unene wa kupindukia. Kwa hiyo kipimo hiki husomwa pamoja na umri na jinsia. Tena hakitenganishi mafuta na misuli; huonyesha tu nani achunguzwe zaidi.

Sasa tutazame mambo mawili yaliyotokea Marekani. Mwanzoni mwa karne ya 20, madaktari wa jiji la New York waliwakagua wanafunzi na kuwarudisha nyumbani wenye chawa, mapunye na vikope. Wengi hawakutibiwa, wakabaki mitaani. Mwaka 1902 muuguzi Lina Rogers alipewa shule nne kwa majaribio ya mwezi mmoja. Aliwatibu watoto shuleni, kisha akawaendea wazazi majumbani na kuwaonyesha la kufanya. Majaribio yalifaulu, na jiji likaajiri wauguzi wengine.

Zaidi ya miaka mia moja baadaye, kati ya 2014 na 2017, watafiti wa California walifuatilia karibu wanafunzi 29,000 katika shule 79. Baadhi walipimwa na wazazi wao wakapelekewa barua za matokeo; wengine walipimwa bila barua; wengine hawakupimwa. Barua hazikupunguza unene, na waliopimwa walizidi kutoridhika na uzito wao kuliko wasiopimwa.

Fundisho ni moja: taarifa isiyofuatwa na msaada haiponyi. Muuguzi afaaye humpima mtoto faraghani. Huzungumza na mzazi bila lawama juu ya soda, usingizi na michezo. Humshauri mkuu wa shule kuhusu vyakula vinavyouzwa shuleni. Na anayehitaji daktari humpeleka. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kwamba mipango iliyowashirikisha wauguzi wa shule ilipunguza kipimo hicho kwa kiasi kidogo. Ni kidogo, lakini kwa mtoto anayekua, kuzuia uzito usizidi ni hatua yenye maana.

Shule nyingi hazina muuguzi. Hata hivyo, mwalimu wa baiolojia atumiaye mizani katika somo lake anaweza kuzingatia jambo moja: asitangaze uzito wa mwanafunzi yeyote mbele ya wenzake. Mtoto aliyeaibishwa hukimbia mizani, na akiikimbia mizani humkimbia pia yule ambaye angeweza kumsaidia.