Waya wa Ardhi Katika Nyumba za Shamba

Wanachama wengi sasa wamekwisha kupata umeme mashambani. Kule Pemba zamani umeme ulitoka kwenye mashine za dizeli za Wesha. Tangu mwaka 2010 huja kutoka Tanga kwa waya uliolazwa chini ya bahari. Mwenye shamba aliyefikiwa na nguzo huweza kuweka pampu kisimani na taa penye sakafu ya kuanikia karafuu. Hayo ni mema. Lakini liko jambo moja ambalo wengi hawalijali kwa kuwa halionekani, nalo ni waya wa ardhi, ambao mafundi huuita ethi.

Umeme huingia nyumbani kwa waya mbili. Mmoja ni waya wa moto, na wa pili ni nyutro, unaourudisha umeme ulikotoka. Mambo yakiwa sawa, umeme huenda kwa huu na kurudi kwa ule. Lakini waya wa moto ukichubuka ndani ya pampu na kugusa chuma chake, pampu nzima hushika umeme, wala kwa macho haionyeshi dalili yoyote. Mtu akiishika, naye amesimama miguu mitupu juu ya ardhi mbichi, basi yeye ndiye huwa njia ya umeme kwenda ardhini. Kwa hiyo chuma cha pampu hufungwa waya wa ardhi, nao huenda mpaka kwenye fimbo ya chuma iliyovikwa shaba na kupigiliwa chini, ili umeme uliopotea uwe na njia yake.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Hudhani kwamba fimbo ikiwapo, fyuzi itakatika mara moja. Ziko sehemu ambako shirika la umeme humletea mteja waya wa ardhi pamoja na zile mbili, na umeme uliopotea hurudi kwa waya mpaka kwenye transfoma. Hapo fyuzi hukatika upesi. Lakini nyumba ya shamba yenye fimbo yake yenyewe haiko hivyo, maana umeme lazima upite katika udongo, na udongo huuzuia sana.

Tupige hesabu. Umeme wa nyumbani ni volti 230. Ikiwa udongo penye fimbo una uzuizi wa omu 20, ambao ni mzuri, umeme utakaopita hauzidi ampea 11 na nusu. Fyuzi ya ampea 30 haikatiki kwa kiasi hicho. Pampu itabaki na umeme wa kuua, usiku na mchana, mpaka mtu aiguse. Na fimbo nyingi zina uzuizi mkubwa kuliko huo.

Dawa yake ni swichi ya kinga ambayo mafundi huiita kwa herufi RCD. Hii hupima umeme unaokwenda na unaorudi. Ikiona unaorudi umepungua, hujua kwamba mwingine unapotea, nayo hukata mara moja. Ile ya kulinda watu hukata upotevu ukifika sehemu 30 kati ya elfu moja za ampea, yaani ampea 0.03, kwa muda usiofika nusu ya nukta ya saa. Hata fimbo ikiwa na omu 200, umeme wa kutosha kuishtua swichi hiyo utapita. Basi katika shamba fimbo na RCD ni kitu na mwenzake. Wala RCD haiondoi haja ya fyuzi, kwa sababu fyuzi hulinda waya zisiungue.

Udongo nao una sehemu yake. Kinamo na kinongo chenye unyevu hupitisha umeme vizuri kuliko kichanga kikavu. Katika uwanda wenye mawe fimbo haizami kwa urahisi. Msimruhusu fundi aikate na kuacha kipande kifupi. Afadhali apande fimbo mbili au zaidi, zikiachana kwa umbali usiopungua urefu wa fimbo moja, kisha aziunge pamoja. Mpimaji apime wakati wa kaskazi, ardhi ikiwa kavu, kwa kuwa kipimo cha masika hudanganya.

Mambo haya yafaa kila mwanachama ayatazame:

Kwanza, msitegemee bomba la maji kuwa ethi. Mabomba mengi siku hizi ni ya plastiki, na plastiki haipitishi umeme.

Pili, waya wa kuvutia taa mahali pa kuchambulia karafuu usiku uwe wa nyuzi tatu, si mbili, ikiwa taa au swichi yake ina chuma. Wachambuaji hukaa chini, na pengine ardhi imelowa umande.

Tatu, ng'ombe asifungwe karibu na fimbo. Miguu yake ya mbele na ya nyuma iko mbali, na umeme unaopita ardhini humpata upesi kuliko mtu.

Nne, bonyezeni kitufe cha majaribio cha RCD kabla ya masika na kabla ya msimu wa kuchuma. Isipokata, swichi hiyo haifai, nayo ibadilishwe.

Tano, mjue kwamba kitufe hicho huijaribu swichi tu, hakiijaribu fimbo. Waya wa fimbo huweza kukatwa kwa jembe au kuliwa na kutu, na kitufe kikaendelea kufanya kazi. Fimbo hupimwa na fundi mwenye leseni kwa kipimo chake.

Wachumaji na watoto hawawezi kujua kama pampu ina hitilafu. Kazi hiyo ni ya mwenye shamba, na huifanya kabla ya kuwaita watu kazini.